Kwa Mwaka Mzima Sikukiona Kilima

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, Morogoro mjini: kompyuta tano zilizounganishwa kwa waya na feni moja iliyokuwa ikimpulizia mwenye chumba peke yake. Mwaka 2004 nilikuwa kidato cha tatu. Saa moja ilikuwa shilingi 300, na kilichonipeleka pale kilikuwa kitu kimoja tu, Age of Empires II. Gemu yenyewe ilitoka mwaka 1999, kazi ya Ensemble Studios ya Texas, kwa hiyo ilipotufikia sisi ilikuwa na miaka mitano tayari. Hatukujua. Kwetu ndiyo kwanza ilikuwa imeshuka, na tuliiita "Empire" tu, kana kwamba duniani hakuna nyingine.

Unaanza na wanakijiji watatu na mpanda farasi mmoja wa kupeleleza. Unakata miti, unachimba dhahabu, unalima, unajenga, na kabla saa yako haijaisha unatakiwa uwe umeshamvunjia ngome jamaa aliyekaa kiti cha tatu kutoka kwako, ambaye mlikuja naye na mtarudi naye.

Mwenye chumba tulimwita Fundi. Yeye hakucheza. Alikuwa akipita nyuma ya viti vyetu na kikombe cha chai ya tangawizi, anatupa jicho mara moja kwenye kila kioo, halafu anatoa hukumu: "We dogo wa dirishani, andaa hela ya saa ya pili, hii umeshapigwa." Robo saa baadaye nilikuwa nimepigwa kweli. Nilimdhania mchawi. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kioo ndicho kilichokuwa kinamwambia. Kila kitu kwenye Empire kilichorwa kikitazamwa kutoka juu, kwa upande, pembe ileile siku zote. Nyumba iliyo chini ya kioo ina ukubwa sawa na iliyo juu. Askari haongezeki kwa kuwa amesogea, wala hapungui kwa kuwa yuko mbali. Nyekundu hapa, bluu pale, njano imebaki kidogo pembeni. Basi, mtu amemaliza kusoma.

Mjomba wangu alikuwa akicheza drafti chini ya mwembe kwa vizibo vya soda, mmoja vyake vimefunikwa, mwingine vimefunuliwa. Watu walikuwa wanapita barabarani na baiskeli, hawashuki, wanapiga kelele, "Mzee, leo umekamatika!" na kuendelea na safari. Ndivyo alivyokuwa akisoma Fundi.

Mwishoni mwa mwaka ule Fundi alikwenda Dar akarudi na mashine ya sita. Aliiweka peke yake kwenye meza yenye kitambaa. Ilikuwa na kadi ya michoro, akasema, na humo alikuwa ameingiza Warcraft III na Age of Mythology, zote za mwaka 2002, pamoja na Command & Conquer: Generals ya 2003. "Hii sasa ni 3D, pande tatu," alisema, kwa sauti ya mtu anayemtambulisha mchumba. Saa moja shilingi 500.

Tulipanga foleni. Nakumbuka jioni ya kwanza hakuna aliyecheza kwa maana ya kucheza. Tulikuwa tunavuta picha karibu mpaka tuone kofia ya askari, tunairudisha, tunavuta tena. Kwenye Age of Mythology lile jitu lenye jicho moja lilimnyanyua askari wa watu likamrusha, akapaa, akaanguka, akadunda. Chumba kizima kilipiga kelele mpaka mwenye duka la vipuri akaja kuuliza kulikoni. Askari wa Empire wakifa wanalala tu chini wakageuka mifupa. Huyu alidunda! Nililipa shilingi 500 mara nne wiki ile, na mama alipouliza hela ya daftari imekwenda wapi nilimwambia uongo ambao sitaurudia hapa.

Halafu nikaanza kushindwa. Nasema kushindwa na kompyuta yenyewe, si na watu, maana mashine ile ilikuwa moja na haikuwa na wa kucheza naye. Generals ilikuruhusu kuizungusha kamera utakavyo, na mimi niliizungusha. Nilitaka kuviona vifaru vyangu kwa mbele, kwa nyuma, vikivuka daraja jua likiwa ubavuni. Nikishamaliza kuvisifia, adui keshaingia, natafuta kambi yangu, siioni. Ramani ndogo ya pembeni inasema kambi iko kaskazini. Kioo kikubwa nimeshakigeuza, kaskazini imehamia kulia. Siku moja nilipeleka vifaru vyote vinane upande usio na mtu kabisa, vikaenda kusimama ukingoni mwa ramani kama mabasi ya mkoani yanayosubiri abiria, huku nyuma nabomolewa.

Pale ndipo nilipopata wazo ambalo sijaliacha mpaka leo: kamera nayo ni askari. Inahitaji amri kama wengine. Ukiwa na mikono miwili na kipanya kimoja, kila sekunde unayoitumia kumwambia yule askari wa ziada aende huku, ainame, anyanyuke, ageuke, umewanyima wale wanaopigana. Kwenye Empire askari huyo hakuwepo. Unasogeza kioo kushoto au kulia, juu au chini, mwisho.

Mjomba alipokuja siku moja kunitafuta (nilikuwa nimetumwa unga tangu saa nne), alisimama nyuma yangu akatazama. Shikamoo yangu aliijibu bila kuniangalia. Aliangalia kioo changu cha Empire dakika tano na akaanza kuuliza maswali ya maana: hawa wekundu mbona wamekuachia mto? Baadaye akasogea kwenye mashine ya sita, ambako kijana mmoja alikuwa akizungusha kamera. Akatazama, akatikisa kichwa. "Sasa mjomba, ubao ukiwa unazunguka namna hii, mtu anajuaje kwake ni wapi?" Nilicheka kwa adabu. Moyoni nilikuwa nakubaliana naye kuliko nilivyotaka.

Lakini nisimwonee mtu. Warcraft III haikunipa taabu ile, na ndiyo iliyobaki na wateja baada ya wiki za kushangaa kupita. Kamera yake imefungwa: inasimama juu, imeinama kidogo, na ingawa unaweza kuvuta karibu, hakuna anayecheza hivyo. Na wale viumbe wake wana mabega mapana kama milango, ngumi kubwa kama vichwa, panga nene kuliko mapaja yao. Nilidhani ni utani wa wachoraji. Jaribu kukaa mita mbili kutoka kwenye kioo ndipo utaelewa: unamtofautisha huyu na yule kwa umbo la kivuli chake tu. Waliokuwa na pande tatu mkononi walirudi kuchora kwa namna ya vizibo vya soda.

Kitu kingine nilichokigundua kwa kuhesabu. Empire ilimruhusu mchezaji mmoja kuwa na watu 200. Warcraft III, ukiwa na ile nyongeza yake ya mwaka 2003, ilikupa chakula cha 100, na wengi wa askari wanakula zaidi ya kimoja. Jeshi lako zima ni kundi la watu wa harusi ya kijijini, tena siku ya mvua. Mchezo ukageuka kuwa wa kumlea mmoja mmoja: huyu ameumia mrudishe, huyu ana nguvu zake maalumu mwambie azitumie sasa. Ni mchezo mzuri, ila si mchezo uleule. Sisi tuliokuwa tunapenda kuona wapanda farasi 60 wakimwagika getini tulirudi kwenye vile viti vitano vya zamani, na Fundi akashusha bei ya mashine ya sita ikawa 300 kama wenzake.

Hapa ningeweza kuishia na kusema 3D ni mapambo. Nilisema hivyo kwa miaka miwili, kwa sauti, kwa yeyote aliyekuwa tayari kusikiliza. Kilichonifunga mdomo ni binamu yangu.

Binamu huyu alinipiga kwenye Empire mwaka mzima. Hakuwa na kasi kuliko mimi. Wanakijiji wangu walikuwa wengi kuliko wake, dhahabu yangu ilikuwa nyingi, nilikuwa nafika hatua ya ngome kabla yake. Tukikutana uwanjani, wapiga mishale 20 kwa 20, wangu wanaisha, wake wanabaki nusu. Nilibadilisha taifa. Nikabadilisha kiti, nikidhani kipanya changu ni kibovu. Nikaanza kuamini ana bahati ya kuzaliwa.

Mwaka 2006 nilikwenda Dar likizo, na nyumba niliyofikia kulikuwa na kaka mmoja mwenye kompyuta ya nguvu. Alikuwa na Rome: Total War, ya mwaka 2004. Ile familia ya magemu ilianza na Shogun mwaka 2000, na kwenye Shogun vilima vilikuwa vya pande tatu lakini askari walikuwa vipicha bapa vilivyosimamishwa juu yake. Kufikia Rome kila askari alikuwa na mwili wake. Kaka akanikalisha, akanipa jeshi, akasema, "Dogo, pigana." Nikawapanga watu wangu bondeni, mahali pazuri penye nafasi. Akanionyesha namna ya kuishusha kamera mpaka chini, usawa wa macho ya askari.

Nikaona wapanda farasi wa adui wako juu yangu. Namaanisha juu, kama vile unavyosimama Kihonda ukaitazama milima ya Uluguru. Waliposhuka, walishuka kwa kishindo, na mstari wangu wa mbele uliraruka kama gazeti. Nikajaribu kuwafukuza kupanda. Watu wangu wakachoka kabla hawajafika. Kaka hakunieleza chochote. Hakukuwa na haja.

Usiku ule nilikumbuka jambo moja dogo. Binamu, kabla ya kila pambano, alikuwa akiwarudisha nyuma wapiga mishale wake kidogo, kama mtu anayetafuta kivuli. Niliporudi Morogoro nilimfuata moja kwa moja.

"Wewe huwa unapanda kilima?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kaka, mwaka mzima hukuwa unajua?"

Sikuwa najua. Kanuni ipo ndani ya Empire tangu mwanzo: anayepiga kutoka juu kwenda chini anaongezewa robo ya madhara, anayepiga kutoka chini kwenda juu anapunguziwa robo. Chukua mpiga mishale wa kawaida, mshale wake una nguvu 4. Wa juu anapiga 5, wa chini anapiga 3. Tano kwa tatu! Ukiwa na watu 20 kila upande, hiyo haiitwi bahati. Na mimi, katika michezo mia na kitu, sikuwahi kukiona kilima hata kimoja, kwa sababu kwenye picha ile bapa kilima ni majani yaliyokolezwa rangi kidogo na mstari wa ardhi uliopinda. Kimo kilikuwamo kwenye hesabu. Kwenye picha kilikuwa kimejificha.

Kwa hiyo gemu ya pande tatu ndiyo iliyonifundisha kucheza gemu ya bapa. Nimelitafakari hilo kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya ninachoamini leo kilitoka pale. Ubishi wetu wote wa kibandani, 3D au si 3D, ulikuwa umekosea mahali pa kuuliza. La kuuliza ni kama picha na kanuni zinasema jambo moja. Empire ilikuwa na kanuni ya kilima bila picha yake. Generals, kwa namna nilivyoicheza mimi, ilinipa picha nyingi ambazo hazikuwa na kanuni yoyote nyuma yake. Jua ubavuni mwa kifaru halikunipa wala kuninyima chochote. Rome ilinionyesha mlima, na mlima ukauma.

Baadaye nilikutana na Company of Heroes, ya mwaka 2006, na huko ndiko nilikoona mambo haya yamefungana kuliko popote. Bomu likianguka linaacha shimo, na shimo lile ni mahali pa kujificha. Askari anayeingia humo anapona zaidi. Kifaru kina ngozi nene mbele na nyembamba nyuma, kwa hiyo kimegeukia wapi ni habari ya kufa na kupona, na unaiona bila kusoma namba yoyote. Kinapita kwenye ukuta, ukuta unaanguka, njia inafunguka ambayo dakika moja iliyopita haikuwepo. Mtu anaweza kusema hayo yote yangeandikwa kwenye gemu ya bapa pia. Yangeandikwa, ndiyo. Kama kile kilima changu kilivyokuwa kimeandikwa.

Kuna upande wa kuchekesha katika hili. Vile vipicha vya Empire tulivyoviita bapa vilizaliwa na pande tatu: watengenezaji waliumba maumbo kwenye kompyuta, wakayapiga picha, wakatupa sisi picha. Kila mtu alipigwa akitazama pande tano. Pande tatu zilizobaki zilipatikana kwa kuigeuza picha kama kwenye kioo cha kujitazamia. Ndiyo maana askari wako anashika upanga kwa mkono wa kulia akienda huku, na akigeuka upande wa pili anakuwa wa mashoto. Nilicheza miaka mitatu bila kuliona hilo. Binamu pia, na nilifurahi sana kuwa wa kwanza kumwambia.

Mgao wa umeme wa mwaka ule ulimaliza mjadala kwa njia yake. Fundi aliwasha jenereta ndogo, na jenereta ilibeba kompyuta tatu. Mashine ya sita haikuwa miongoni mwake.

Civilization IV, gemu ya kujenga taifa kwa zamu, niliipata nikiwa chuo, kwenye laptopu iliyopita mikono mingi kabla ya kufika kwangu. Niliiwasha usiku chumbani, wenzangu wamelala, spika iko juu, na dunia nzima ikatokea kwenye kioo inazunguka taratibu, ya pande tatu, mawingu juu yake. Halafu kwaya ikaanza: "Baba yetu, yesu, uliye mbinguni..." Nilidhani nimefungua faili la mtu. Mwenzangu wa kitanda cha juu aliinua kichwa akauliza nani anasali saa hizi. Gemu ya Marekani, ya mwaka 2005, na imenifungulia mlango kwa Kiswahili! Mtunzi wake, Christopher Tin, alikuja kupata tuzo ya Grammy kwa wimbo huo mwaka 2011, na ulikuwa wimbo wa kwanza wa gemu kuipata. Sitasema kwamba 3D ndiyo iliyonitoa machozi usiku ule. Lakini kama ile dunia ingekuwa picha iliyotulia, sijui kama ningekaa dakika ishirini bila kubonyeza kitu.

Civilization IV ndiyo ya kwanza katika ukoo wake kuwa ya pande tatu kamili, na ukiichunguza, chini yake bado ni karatasi ya miraba kama zile zilizoitangulia. Kilichoongezeka ni kuona. Mgodi unauona pale ulipo, kinu cha upepo kinazunguka, jengo la ajabu ulilolijenga linasimama katikati ya mji wako, na ukivuta nyuma kabisa ramani inakuwa ile tufe. Ilinipunguzia kufungua madirisha ya habari. Bei yake ilikuwa kwamba kila karne za mwisho zikifika, laptopu yangu ilizubaa. Nabonyeza kumaliza zamu, naenda kuchota maji, narudi, bado inafikiri.

Ilipokuja Civilization V, ya mwaka 2010, nilikuta kitufe ambacho kilinifanya nicheke peke yangu. Ukikibonyeza, milima yote inayeyuka, maji yanaacha kumeta, na unabaki na ramani bapa yenye alama, kama ubao wa mezani. Nilicheza nusu ya kila mchezo humo. Supreme Commander ya 2007 ilikuwa imeshafanya jambo la jamaa moja: kadiri unavyopanda juu, mitambo yako mikubwa yenye bunduki na miguu inageuka kuwa vialama vidogo vya rangi, na wachezaji wazuri wanaishi huko juu. Gemu zenye pande tatu kwelikweli, na ukifika wakati wa kuamua, zinakupa vizibo.

Kujua kwa kucheza ni kitu kimoja. Mwaka 2018 nilijaribu kutengeneza gemu yangu ya simu. Wazo lilikuwa la nyumbani: una shamba la mahindi kwenye mteremko wa Uluguru, nyani wanashuka kutoka msituni, na wewe unapanga walinzi. Mbwa, sanamu ya kutishia, mtoto mwenye kombeo, bibi mwenye debe la kupigia kelele. Nilijifunza Unity, programu ya kutengenezea magemu, usiku, mchana nikiwa kazini, na bila hata kujiuliza nikaanza kwa pande tatu. Baada ya yote niliyoyaeleza hapo juu! Kiburi tu. Nilitaka mtu akifungua aseme, loh.

Wapwa zangu watatu ndio waliokuwa wajaribuji. Simu zao ni zile za bei ya chini, na dakika ya kumi ilikuwa ya moto kiasi kwamba mdogo aliifunga kwa kanga ya mama yake. Hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni malalamiko.

"Anko, nyani yuko nyuma ya mwembe, simwoni."

Nikaweka kitufe cha kuzungusha kamera. Sasa wanazungusha, na wakizungusha wanapotea, na vidole vyao vinaziba nusu ya kioo. Nikaipeleka kamera juu kabisa. Sasa wanaona vichwa tu. Mbwa na bibi wanafanana. Halafu likaja lile lililonishinda:

"Anko, jiwe limepita ndani ya mti!"

Kweli lilikuwa limepita. Sikuwa nimeandika kanuni ya mawe kugonga miti. Kwenye Empire mishale ilikuwa ikipita juu ya nyumba na minara miaka yote ile na hakuna mtu hata mmoja Morogoro aliyewahi kuuliza, kwa sababu picha haikuahidi lolote. Mimi niliuchora mti wenye unene, wenye gome, wenye kivuli kinachoanguka vizuri, na mtoto wa miaka tisa akaidai ahadi yangu. Nikaiandika kanuni. Basi mtoto wa kombeo akawa hawezi kupiga chochote, maana shamba lilikuwa na miembe kila mahali kwa ajili ya uzuri. Nikang'oa miembe. Shamba likawa jangwa. Miezi mitatu ilikwenda hivyo, na kila nilichorekebisha kilizaa viwili.

Nikaifuta, nikaanza upya kwa picha bapa zinazotazamwa kutoka juu kwa upande. Ilikwenda haraka, simu zikapoa, bibi akaonekana ni bibi kwa kilemba chake chekundu. Jambo moja sikutaka kulipoteza: mteremko. Jiwe linalorushwa kutoka juu liende mbali, linalorushwa kupanda lianguke karibu. Bila hilo hapakuwa na mchezo, palikuwa na watu wamesimama. Nikakoleza rangi ya majani kwenye sehemu za juu. Wapwa wakacheza siku mbili, na wakawa wanampanga mtoto wa kombeo popote.

Nilikuwa nimewafanyia kilekile nilichofanyiwa mimi.

Suluhisho lilitoka kwenye basi. Nilikuwa narudi kutoka kijijini, nimekaa dirishani, na ng'ambo ya korongo kulikuwa na shamba la mtu lenye matuta ya ngazi, moja juu ya jingine, kila moja na kivuli chake chini. Kutoka mbali vile, bapa kama picha ukutani, na bado ungeweza kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne. Nikaondoa majani yaliyokolezwa. Nikachora matuta manne, kila ukingo na mstari mzito wa udongo mwekundu, na mlinzi akisimama tuta la juu kivuli chake kinaanguka tuta la chini.

Sikuwaambia kitu. Nilimpa mpwa wa kati simu, nikachukua ya kwangu, tukacheza dhidi ya nyani walewale kuona nani atavuna zaidi. Mimi mtengenezaji, ninayezijua kanuni zote, nilimweka mtoto wangu wa kombeo katikati ya mahindi, mahali pazuri penye nafasi. Yeye alitazama kioo kidogo, akaburuta mtoto wake mpaka tuta la nne, akaweka na mbwa pembeni.

Wimbi la tatu mahindi yangu yalikuwa yameisha.

"Anko," alisema bila kuinua macho, "nyani si wanatokea juu?"